Jino Lisilo na Tundu

Jino la Mwanya lilianza kumuuma Jumatatu asubuhi, akiwa katikati ya kumwomba radhi mtu aliyekuwa akimtukana.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikaa kitengo cha malalamiko cha kampuni ya maji, hedifoni masikioni, katika chumba kirefu chenye meza zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba. Kutwa nzima watu waliokaukiwa na mabomba walimpigia simu wakammwagia yote yaliyokuwa moyoni mwao, na yeye alitakiwa kutabasamu. Msimamizi wao alishikilia kwamba mteja husikia tabasamu hata kwenye simu. "Pole sana kwa usumbufu, mzee wangu." "Nakuelewa kabisa, mama." Sauti laini kama pamba, na chini ya sauti hiyo meno ya juu yameyakamata ya chini kama koleo.

Siku hiyo maumivu yalipanda kutoka tayani, yakapita sikioni, yakaenda kupiga kambi kwenye kipaji cha uso. Hayakuwa mageni kabisa. Kwa miezi alikuwa akiamka na kichwa kizito na mabega yamempanda karibu na masikio, kama mtu aliyelala amebeba gunia. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Juzi alikuta sukari ndani ya jokofu na maziwa kabatini, na hakukumbuka kuviweka huko. Wiki iliyopita mteja mmoja alimwambia kwa upole, "Pole na kazi, dada," naye akalazimika kukata simu, maana machozi yalimjia bila hodi.

"Jino hilo litakuua," alisema mwenzake wa meza ya pili, mama mcheshi ambaye wote walimwita Bi Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Juu ya duka la dawa pamefunguliwa kliniki mpya. Wanasema daktari wake ana mkono mwepesi na macho mazito."

"Macho mazito ndiyo nini?"

"Nenda ukaone. Mimi sina jino bovu hata moja, na bado nafikiria kwenda."

Akaomba ruhusa ya alasiri, akaenda.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo na cheupe, kinanuka karafuu na dawa ya kusafishia. Msaidizi alimlaza kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akamwashia taa usoni, kisha akatoka kuwaangalia wagonjwa wengine. Daktari aliingia kwa mlango wa nyuma akivaa glovu, barakoa imemfunika pua na mdomo. Hakumwangalia usoni. Alivuta kigoda chake cha magurudumu, akachukua kioo kidogo chenye mkono mrefu.

"Fungua mdomo, dada. Pole pole."

Akafungua. Kioo kiliingia, kikasimama. Kilisimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama jino moja. Halafu Mwanya akaona mkono wa daktari unashuka, na macho yake, macho ambayo kweli yalikuwa mazito, yakahama kutoka kwenye meno yakaja kwenye macho yake.

"Mwanya," alisema daktari.

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo tena. Kazini alikuwa dada wa malalamiko, nyumbani alikuwa Dada tu, dada wa kila mtu. Jina lile alipewa na mtu mmoja, enzi ambazo bado alikuwa akicheka mpaka mwanya wa meno yake ya mbele unaonekana ng'ambo ya barabara. Yeye naye alimpa mtu huyo jina lake.

"Picha?"

Daktari akashusha barakoa. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi mbili tatu, na shavu moja lilikuwa na mstari usiokuwepo zamani. Mengine yote yalikuwa palepale.

Siku ya kwanza walipokutana, Mwanya alikwenda studio kupiga picha ndogo za kuombea kazi. Kijana wa studio, mwanafunzi aliyekuwa akijitafutia ada yake, alimwambia akae wima, asitabasamu, atazame mbele. Neno asitabasamu ndilo lililoharibu kila kitu. Alibana midomo, akajitahidi kuwaza misiba, na kila kijana alipoinama nyuma ya kamera kicheko kilimponyoka. Filamu ikaisha. Kijana akaweka nyingine kwa gharama yake mwenyewe. "Kazi hutaipata," alimwambia, "lakini mimi nimeshapata picha za kunitosha."

Kazi aliipata. Na tangu hapo ikawa kila jioni akitoka kazini miguu inampeleka studio bila kuulizwa. Picha alimruhusu kuingia kwenye chumba cha giza, mlango ukiwa wazi kidogo kwa ajili ya heshima, akamwonyesha jinsi sura ya mtu inavyojitokeza taratibu kwenye karatasi ndani ya maji ya dawa, macho kwanza, halafu mdomo. Walikuwa wakinong'ona mle ndani ingawa hakuna aliyewakataza kusema kwa sauti. Mvua ikinyesha, walisimama chini ya baraza la studio wakimenya karanga, wakibishana kama mvua itakatika au la, na wote wawili wakiomba isikatike. Alikuwa mwepesi siku zile. Alilala akiweka tu kichwa kwenye mto.

Kisha baba yake akafariki, na mambo yote yakabadilika. Picha alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa meno mji wa mbali. Kabla ya kuondoka alimtuma shangazi yake kuzungumza na wazee. Aliyejibu ni baba mdogo wa Mwanya. "Huyu ndiye mkubwa kwao," alisema. "Wadogo zake bado wanasoma, mama yao hana nguvu. Mkimchukua yeye, nani atabaki?" Mama mtu alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, amejifunika mtandio, hakusema neno. Na Mwanya, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akamwambia Picha kesho yake asimsubiri.

Sasa walikuwa wakitazamana chini ya taa ya kliniki, na kila mmoja anatafuta pa kuanzia.

"Linauma lipi?" Picha alianza na kazi.

"La nyuma. Kushoto."

Aliligonga taratibu, akapuliza hewa, akabonyeza taya kwa vidole viwili chini ya sikio. Mwanya akaruka.

"Hili jino halina tundu," alisema. "Halijaoza hata kidogo. Unalisaga mwenyewe."

"Nalisaga na nini?"

"Na mwenzake." Alimpa kioo cha mkononi, akamwonyesha. "Tazama ncha zake. Zilitakiwa ziwe na vilima, zimekuwa bapa kama sakafu. Hapa limepata ufa mdogo. Unauma meno ukilala, na nadhani hata ukiwa macho. Msuli huu wa taya umevimba kama wa mbeba mizigo. Kichwa kinauma asubuhi?"

"Kidogo."

"Mabega?"

"Kila mtu anaumwa mabega."

"Unalala?"

"Nalala," alisema Mwanya.

Picha hakubishana naye. Alimtazama tu, kwa namna ile aliyokuwa akiitazama karatasi ndani ya maji ya dawa, akingoja.

"Silali," alisema Mwanya. "Nakaa nikisikiliza kama mama ananiita. Haniiti, lakini nasikiliza. Mchana nazungumza na watu wenye hasira, na siruhusiwi kukasirika. Jioni narudi, simu za wadogo zangu zinaanza. Sijui hasira yenyewe huwa inakwenda wapi."

"Inakuja hapa." Alimgusa tena tayani, mara hii kwa kidole kimoja. "Mwili haujui kama umezungukwa na simba au na simu. Ukikaa roho juu kutwa, nao unajikaza kutwa, tayari kupigana. Usipopigana, unajipiga wenyewe. Nitakutengenezea kinga ya kuvaa ukilala, iyalinde meno. Na nikufundishe kitu kimoja. Ukijikumbuka, wakati wowote, midomo ifunge lakini meno yaachane. Ulimi uulaze tu. Jaribu."

Alijaribu. Ilikuwa kazi ndogo sana, na ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu taya lilishuka, na ndipo alipotambua kwamba hakumbuki lini lilishuka mara ya mwisho.

Ili kinga itengenezwe ilibidi ichukuliwe chapa ya meno. Picha alikoroga unga wa waridi kwa maji mpaka ukawa kama uji mzito, akaujaza kwenye kitrei cha chuma, akamwingizia mdomoni na kukishikilia kwa vidole.

"Usiseme kitu mpaka ugande. Pumua kwa pua."

Mwanya akatoa macho. Picha akacheka kidogo.

"Nimetamani nafasi hii miaka mingi. Wewe hukuwahi kuniacha nimalize sentensi." Kisha kicheko kikamwisha. "Nilioa, Mwanya. Hatukuelewana, tukaachana kwa amani, hatukujaliwa mtoto. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili usije ukasikia kwa watu. Nimerudi hapa kwa sababu shangazi ni mzee. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu."

Mwanya alipumua kwa pua, kama alivyoagizwa. Mate yalikuwa yakimtoka pembeni, Picha akamfuta kwa pamba.

"Kuna jambo moja limenikaa. Kukataa hukunikataa wewe, nalijua hilo. Lakini siku ya safari hukuja hata kuniaga. Nilikaa dirishani mwa basi mpaka likazunguka kona. Nilisema, basi, kama hakuja, ndiyo ameshafunga mlango. Nikaacha kuandika, nikaacha kuuliza habari zako."

Mwanya alianza kutikisa kichwa. Picha akamzuia. "Tulia, utaharibu chapa." Lakini yeye aliinua mkono, akajigusa kifuani, akanyoosha kidole kuelekea nje, akajigusa tena. Uji ule haukuganda upesi kama alivyotaka. Machozi yakaanza kumlengalenga, na daktari, aliyekuwa ameshika chapa, hakuweza hata kuachia mkono mmoja ayafute.

Hatimaye kitrei kikatoka. Mwanya alisukutua, akatema, akakaa wima.

"Nilikuja," alisema. "Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya magazeti. Ulivaa shati la kijani, kifungo cha juu hakikuwepo. Ulikuwa na begi la shangazi yako lile lenye mkanda uliofungwa kwa kamba. Ningevuka, ningepanda lile basi. Ndiyo maana sikuvuka."

Picha alikaa na chapa ya meno yake mkononi, ya waridi, ikidondosha maji kwenye suruali yake, naye hana habari.

"Kinga itakuwa tayari lini?" aliuliza Mwanya.

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa."

Akashuka ngazi, akaelekea nyumbani.

Jioni hiyo mdogo wake wa kiume alikuja kabla sufuria haijatoka jikoni. Huyu ndiye ambaye Mwanya alimsomesha mpaka akawa mhasibu, na alikuwa kijana mwema, mwenye shukrani za mdomo tele. Alimwamkia mama yao, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani na miguu yake imewekwa juu ya mto, kisha akaja kuegemea mlango wa jikoni.

"Dada, nimehamishwa kikazi. Mimi na wifi yako tutatangulia, watoto watabaki kwako wamalizie shule hapa. Nimeshawaambia, wamefurahi sana. Wanakupenda kuliko sisi."

"Umeshawaambia?"

"Si nilijua hutakataa. Wewe hujawahi kukataa."

Alisema kwa mapenzi, na hiyo ndiyo iliyouma. Mwanya alisimama na mwiko mkononi. Alihisi mabega yanapanda, vidole vinaukaza mwiko. Na meno. Kwa mara ya kwanza aliyasikia yakikutana, kabisa, mlio wa kokoto ndani ya kichwa chake. Tangu lini yalikuwa yakifanya hivi, kila alipoitwa dada mwema?

Midomo akaifunga. Meno akayaachanisha. Ulimi akaulaza. Na pale palipobaki wazi neno likapita, dogo, bila ugomvi.

"Hapana."

Mdogo wake alitabasamu, akidhani ni utani. "Hapana nini?"

"Watoto nawapenda, lakini hawatakaa hapa. Utakwenda nao, ni wenu. Na kabla hujahama, nataka tupange zamu za mama. Wewe na yule dada yako mwingine mtakuja Jumapili kwa zamu. Ukiwa mbali utaleta mtu wa kukaa naye. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka meno yamepata ufa."

"Dada, unaumwa?"

"Ndiyo. Naumwa."

"Lakini nani mwingine..." Alishusha sauti ili mama asisikie. "Baba mdogo alisema wewe ndiye nguzo."

"Mimi ni mtu."

Mama yao alikuwa amesikia yote. Aliita kutoka dirishani, kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu, ya mama wa watoto wadogo.

"Njooni hapa wote wawili."

Wakaenda. Mama alimtazama kwanza mwanawe wa kiume.

"Zamu ni jambo zuri. Kaa ukijua mama yako anakukumbuka, na hunitembelei mpaka uwe na shida." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, nani amekwambia habari za meno?"

"Daktari wa kliniki mpya, mama." Akauhamishia mwiko mkono wa pili. "Yule wa picha."

Mama alishusha mguu mmoja kutoka kwenye mto.

"Yule mtoto mwenye adabu, aliyekuja na karanga siku ya arobaini ya baba yako, akaosha vyombo?"

"Huyo."

"Sikumkataa mimi, unajua. Shemeji yangu alisema maneno, na mimi nilikuwa na msiba, nikanyamaza. Nyote mkauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu. Nikangoja uje uniulize mwenyewe. Hukuja. Ukajifunga kanga kiunoni ukaanza kazi, na nikaona aibu kukuzuia, maana kweli nilikuhitaji." Alimshika binti yake kidevu, akamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga, kama anayemtafutia kibanzi jichoni. "Ulikuwa na uso mwingine, wewe."

Mdogo wake alikwenda jikoni mwenyewe, akaipua sufuria iliyokuwa imeanza kuungua.

Ijumaa ilifika. Mwanya alijibu simu zake hadi alasiri, na kila alipoanza kukaza taya aliliachia. Si mara zote alikumbuka. Bi Redio alimwona akifungua na kufunga mdomo bila sauti, akamuuliza kama amegeuka samaki.

Picha aliijaribisha kinga, akaitoa, akaisugua pembeni, akairudisha. Ilikaa sawasawa. Walizungumza maneno machache, yote ya meno, kwa sababu msaidizi alikuwa ndani.

"Hii inalinda jino tu," alisema akivua glovu. "Kinachokufanya usage, haikiondoi."

"Nimeanza kukiondoa," alisema Mwanya, na akamweleza habari za jikoni, za zamu, za mama.

Picha alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwita msaidizi, akamwambia, "Dada huyu, kuanzia leo atatibiwa na mwenzangu wa Jumanne. Mimi sitamtibu tena."

Msaidizi akashangaa, akatoka. Mwanya naye alishangaa.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Daktari hawezi kumposa mgonjwa wake." Alisema akitazama sinki, akinawa mikono iliyokwisha takata. "Nimebakiza mgonjwa mmoja. Kama una haraka, nenda, nitaelewa. Kama huna, nisubiri pale nje."

Mwanya alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Dirisha lilikuwa wazi, jua la alasiri limelala sakafuni, chini mtaani fundi viatu alikuwa akigonga soli. Alikusudia kupanga jibu. Alikusudia kufikiria watu watasemaje, na umri wake, na mama atakaa na nani siku za kazi. Alifika kwenye hilo la kwanza tu.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukutani. Msaidizi ameshaondoka, viti vimepangwa. Shingo yake ilikuwa imelala juu ya koti jeupe lililokunjwa, na Picha amekaa upande wa pili wa benchi, mikono magotini.

"Nimelala?"

"Sana."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuwa nakutazama meno. Hukuyasaga."

Mwanya alijifuta uso, akanyoosha mtandio wake, akachelewesha maneno, kwa kuwa safari hii hakukuwa na pazia wala barabara ya kuvuka. Mtu mwenyewe alikuwa palepale, umbali wa mkono.

"Jumapili njoo nyumbani," alisema. "Usimtume shangazi, njoo mwenyewe. Ni zamu ya mdogo wangu, ndiye atakayekufungulia mlango. Atakuuliza umekuja kwa nani."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umekuja kwangu."